Kurekebisha shokapu za nyuma kwa ajili ya abiria: mwongozo kamili wa kupima kwa futi

Pikipiki nyingi zinazoletwa gereji kwa lalamiko la "shokapu zimekufa" zina shokapu nzima. Zimebaki kwenye namba moja tu, ngazi ya chini kabisa ya ringi inayoikaza springi, vilevile zilivyotoka dukani, na mwenyewe anapakia abiria tangu alfajiri hadi usiku. Nyingine zilikazwa hadi namba tano siku ya kwanza na hazikuguswa tena. Hizo ndizo zinazodunda kwenye rafu dereva anaporudi nyumbani peke yake, tairi la nyuma likiachana na ardhi kila penye mawe.

Kosa hilo la pili nililifanya mwenyewe. Mama yangu alikuwa anaumwa mgongo na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki. Nikakaza shokapu hadi mwisho nikiamini kwamba ngumu ndiyo imara. Kila tuta lilimpiga, na kila lilipompiga alinishika bega kwa nguvu bila kusema neno. Siku niliyochukua futi nikapima huku amekaa juu ya kiti, niligundua kwamba pikipiki ilikuwa imesimama juu mno, shokapu hazibonyei hata nusu ya inavyotakiwa. Nilishusha ngazi mbili. Safari iliyofuata aliniambia barabara imetengenezwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: shokapu haipimwi kwa kubonyeza kiti kwa mkono na kukisia. Hupimwa kwa futi, abiria akiwa amekaa. Ninazungumzia hasa pikipiki zetu za kila siku, akina Boxer, TVS HLX na wenzao wa cc 100 hadi 150 wenye shokapu mbili nyuma, moja kila upande. Za shokapu moja ya katikati nitazigusa mwishoni.

Abiria akipanda, nini hubadilika

Uzito wa dereva hugawanyika kati ya tairi mbili. Abiria yeye hukaa karibu kabisa na usawa wa ekseli ya nyuma, hivyo karibu uzito wake wote huliangukia tairi la nyuma. Mtu wa kilo 70 akipanda nyuma, tairi la mbele halimsikii sana, ila la nyuma linambeba karibu peke yake.

Nyuma ikizama, mbele inainuka. Usukani unakuwa mwepesi mkononi lakini mzito kukata kona. Unageuza na pikipiki inataka kwenda nje ya kona. Taa inamulika juu, machoni mwa anayekuja. Dabo stendi na vikanyagio vinakaribia ardhi. Na kubwa kuliko yote, nafasi ya shokapu kubonyea inapungua. Tairi la nyuma la pikipiki hizi lina mwendo wa takribani sentimita 10, kutoka linaponing'inia hadi shokapu inapofika mwisho. Kama abiria na dereva wameshakula sentimita 6 wakiwa wamesimama tu, mmebakiwa na 4 za kupokea kila shimo. Shimo likizidi hapo, chuma kinagonga chuma, na mgongo wa abiria ndio unaopokea.

Ringi inafanya nini, na haifanyi nini

Hapa ndipo mafundi wengi tunapowapotosha wateja, basi nikae kidogo.

Shokapu ina vitu viwili vinavyofanya kazi mbili tofauti. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyo ndani ya silinda huizuia springi isirudi kwa fujo baada ya kubonyea. Ile ringi yenye ngazi ngazi chini ya springi, ambayo tunaiita namba moja hadi namba tano, inagusa springi peke yake. Mafuta haiyagusi kabisa.

Na hata springi yenyewe, ringi haiifanyi kuwa ngumu zaidi. Tuseme springi inataka kilo 20 ili ibonyee sentimita 1. Ukiikaza kwa ringi sentimita 1, umeshaiwekea kilo 20 ndani yake. Sasa haitasogea mpaka uzito upite kilo 20, lakini baada ya hapo kila sentimita inataka kilo 20 zilezile kama mwanzo. Ulichobadilisha ni urefu ambao pikipiki inasimama ikiwa na mzigo. Umeinua nyuma. Ndiyo maana naona ni sahihi zaidi kuifikiria ringi kama jeki ndogo: abiria amezamisha nyuma, wewe unairudisha kwenye kimo chake ili mwendo wa kupokea mashimo upatikane tena.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini kukaza hadi namba tano kwenye shokapu iliyochoka huleta balaa. Mafuta yamepungua nguvu, halafu wewe umeiongezea springi kani ya kurudi. Inarudi kama manati.

Kabla ya kugusa ringi

Anza na upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulegea, likaongeza mtikisiko ambao utaulaumu kwa shokapu bure. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, mara nyingi pia kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha cheni au kwenye mkono wa nyuma, na utakuta namba mbili kwa tairi la nyuma: moja ya dereva peke yake, nyingine ya dereva na abiria. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni kama psi 28 ukiwa peke yako na psi 32 ukiwa na abiria. Usiongeze upepo kupita hapo ukidhani unasaidia shokapu.

Kisha piga dabo stendi, shika tairi la nyuma kwa mikono miwili na ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, tafuta kama ni bearing za tairi au bushi za swingamu, ule mkono wa chuma unaolishika. Bushi zikiisha, pikipiki yenye abiria itayumba mkia kwenye kona hata ukiweka shokapu za dhahabu. Angalia na raba za kwenye macho ya shokapu, yale matundu ya kuifungia, juu na chini, pamoja na nati zake.

Halafu tazama fimbo ya shokapu, ile ng'avu inayoingia kwenye silinda. Ikiwa na mafuta yaliyoshika vumbi, sili imekatika na shokapu hiyo haina breki ya mafuta tena. Jaribu pia kwa mkono: ishushe pikipiki kutoka kwenye stendi, shika breki ya mbele, bonyeza kiti kwa nguvu kisha achia. Inatakiwa ipande mara moja na itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, usiendelee na ringi. Tatizo lako si la namba.

Jambo la hatari: shokapu zenye kikopo cha pembeni, na baadhi zisizo na kikopo, zimejazwa gesi ya naitrojeni kwa msukumo mkubwa. Usizitoboe, usizichomelee, usizipashe moto ili kulegeza ringi iliyoganda. Silinda inaweza kupasuka mkononi mwako.

Kupima: vipimo vinne, watu wanne

Unahitaji futi ya kupimia yenye milimita, kipande cha selotepu, kalamu, karatasi, na watu watatu wa kukusaidia. Mmoja ni abiria, mwingine anashika usukani pikipiki isianguke, wa tatu anapima. Dereva ni wewe au mtu wa uzito wako. Vaeni vile mnavyosafiri: helmeti, koti, begi mgongoni. Kilo 5 za begi ni kilo 5.

Tafuta sehemu tambarare ya saruji. Bandika selotepu kwenye fremu au kwenye pembe ya madigadi ya nyuma, wima juu ya nati ya ekseli, na uchore mstari mwembamba. Vipimo vyote vitakuwa kutoka katikati ya nati hiyo hadi kwenye mstari huo. Usihamishe alama katikati ya kazi, na usiweke alama kwenye kiti, maana sponji hubonyea.

Kipimo cha kwanza, kiite A. Piga dabo stendi ili tairi la nyuma lining'inie kabisa. Kama bado linagusa chini, weka ubao chini ya miguu ya stendi. Pima.

Kipimo B: ishushe kutoka kwenye stendi, mtu aishike wima bila kuiegemea, hakuna aliyekaa juu. Pima.

Kipimo C: dereva akae mahali pake, miguu kwenye vikanyagio, wa pembeni akishika usukani. Pima.

Kipimo D: abiria apande, akae anavyokaa siku zote, miguu yake pia kwenye vikanyagio vyake. Pima.

Kuna kitu kimoja kitakuchanganya. Bushi na sili zina msuguano, hivyo pikipiki haitulii mahali pamoja kila mara. Kwa B, C na D pima mara mbili: mara ya kwanza bonyeza nyuma taratibu na uiachie ipande yenyewe, mara ya pili iinue kidogo na uiachie ishuke. Chukua namba ya katikati. Tofauti ya milimita 3 au 4 ni kawaida. Ikizidi 8, kuna bushi kavu au fimbo iliyopinda, na hiyo ishughulikiwe kwanza.

Sasa toa. A kutoa B ni mbonyeo wa pikipiki tupu. A kutoa C ni mbonyeo wa dereva. A kutoa D ni mbonyeo wa safari yenye abiria, na ndio tunaoufuata.

Kwa tairi lenye mwendo wa milimita 100, ninalenga hivi. Dereva peke yake: milimita 25 hadi 30. Dereva na abiria: 30 hadi 38, na mwisho wa kuvumilia ni 45. Pikipiki tupu ni lazima izame walau milimita chache. Hiyo ya mwisho watu huidharau, lakini ndiyo inayoonyesha kwamba tairi lina nafasi ya kushuka na kufuata shimo badala ya kuruka juu yake.

Mfano wa namba kamili

Tuchukue pikipiki ya cc 150, dereva kilo 75, abiria kilo 70, ringi ziko namba moja. A ni milimita 560. B ni 548, C ni 533, D ni 514. Mibonyeo ni 12, 27 na 46.

Dereva peke yake yuko vizuri kabisa, 27. Ila abiria akipanda, 46 zimekwenda kabla hata ya kutoka kijiweni. Tunakaza ngazi mbili, tunafika namba tatu, na nyuma inapanda milimita 9. Vipimo vipya: B 557, C 542, D 523. Mibonyeo ni 3, 18 na 37.

Na abiria 37, ni pazuri. Tazama pia kilichotokea upande mwingine: dereva akiwa peke yake sasa ni 18, atasikia ugumu kidogo. Na pikipiki tupu inazama 3 tu. Tukikaza namba moja zaidi, pikipiki tupu haitazama hata kidogo, springi itakuwa inaisukuma hadi ukomo wa juu. Hapo ndipo pa kusimama. Namba nne kwenye pikipiki hii ni ya siku ya mzigo mzito tu, si ya kila siku.

Namba hizi zinatufundisha kitu kingine. Abiria wa kilo 70 alizamisha milimita 19. Basi abiria wa kilo 95 ataongeza kama milimita 7 nyingine, tufike 44. Na mwanafunzi wa kilo 45 atazamisha kidogo, tutakuwa kwenye 30. Yaani namba tatu peke yake inatosha kwa karibu kila mtu atakayepanda siku hiyo, na hata huyo mzito anaachiwa milimita 56 za kupokea mashimo. Dereva wa bodaboda hana haja ya kutoa spana kila anapobadilisha abiria. Anahitaji kupima mara moja kwa abiria wa kati na kuhakikisha mzito hafiki chini.

Kwa mwenye pikipiki ya nyumbani, anayempakia mwenzi wake wikiendi tu, hesabu ni tofauti. Yeye awe na namba mbili tofauti: ya peke yake na ya wawili, azikumbuke, na ahamishe. Ni kazi ya dakika tano.

Kuzungusha ringi

Pikipiki iwe kwenye dabo stendi, tairi likining'inia, ekzosi imepoa. Safisha matope kwenye ringi kwa brashi na maji, kausha, kisha nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu au paka dizeli uache robo saa. Matope yaliyokauka kati ya ngazi ndiyo huifanya ringi ikwame nusu, ikionekana iko namba tatu kumbe imekaa juu ya changarawe.

Tumia spana ya ndoano, ile iliyopinda kama mundu, inayokuja kwenye mfuko wa vifaa. Ikipotea, nunua, bei yake haifiki ya sahani moja ya chips kuku. Mtindo wa tindo na nyundo nauona kila siku na naukataa kila siku. Unavunja masikio ya ringi, unachuna rangi, kutu inaingia, na mwaka unaofuata ringi haizunguki tena kwa kitu chochote.

Usiulize ni kulia au kushoto, kwa sababu hutofautiana kwa aina na hata kwa upande. Tazama ngazi. Kadiri kile kipandio kinavyokaa kwenye ngazi inayoibana springi zaidi, ndivyo namba inavyopanda. Namba moja ni pale springi ilipo ndefu kuliko pengine pote.

Panda ngazi moja moja. Usiruke kutoka tano moja kwa moja hadi moja kwa kuzungusha upande wa ukuta mrefu, wala kutoka moja kwenda tano; watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba hilo huharibu shokapu. Na shikilia spana kwa nguvu, vidole vikiwa mbali na springi, kwa sababu ringi ikiteleza inarudi kwa kasi.

Upande wa pili, idadi ileile. Shokapu mbili zenye namba tofauti huupinda mkono wa nyuma kidogo kidogo na kuipeleka pikipiki upande. Wapo wanaokaza upande mmoja zaidi kwa sababu akina mama hukaa upande mmoja, miguu yote kushoto. Nakubali kwamba ukaaji huo unahamisha uzito, lakini dawa yake haiko kwenye ringi. Abiria asogee karibu na dereva, akae katikati ya kiti, na akiweza apande kwa kutandaza miguu pande zote mbili. Khanga ya pili juu ya mapaja inamsitiri. Ni salama zaidi kwake na kwako.

Ukimaliza, bonyeza nyuma mara kadhaa ringi zikae, kisha rudia kipimo D. Usidhani, rudia. Ukiridhika, weka tone la rangi nyeupe kwenye ngazi uliyochagua, pande zote mbili.

Vitu vinavyofuata nyuma

Cheni. Swingamu ikipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma hubadilika, na cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, bolti ya swingamu na ekseli zinapokaa kwenye mstari mmoja. Kwa pikipiki yenye abiria, hapo hufikiwa mara nyingi. Cheni uliyoikaza vizuri pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa kamba ya gitaa mkiwa wawili, ikala bearing na sproketi. Weka ulegevu wa kitabu, ambao kwa nyingi ni kati ya milimita 20 na 35, halafu abiria na dereva wakiwa wamekaa uiguse kwa bisibisi katikati: lazima ibaki na kucheza.

Taa. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani usiku, ukiwa peke yako, weka alama ya chaki juu ya mwanga wa taa ya chini. Abiria apande. Mwanga ukipanda juu ya alama, legeza taa uushushe. Ukishapima shokapu vizuri, mara nyingi utakuta umepanda kidogo sana, na hilo lenyewe ni uthibitisho kwamba kimo kimerudi.

Breki nitaipita haraka: mkiwa wawili mnasimama mbali zaidi, na breki ya nyuma ina kazi kubwa kuliko ukiwa peke yako kwa sababu tairi lake limebeba uzito. Hakikisha viatu vyake vina unene.

Barabarani

Chagua njia unayoijua, kilomita 2 zinatosha, yenye tuta, kipande cha rafu na kona moja. Nenda na abiria yuleyule uliyempimia. Mwambie akwambie kila anapopigwa, maana yeye anakaa juu ya shokapu na anajua kuliko wewe.

Mkisikia "ngo" ya chuma kwenye shimo, shokapu imefika mwisho: kaza ngazi moja. Kama nyuma inamrusha abiria baada ya tuta, yaani inashuka vizuri ila inarudi kwa kishindo, mafuta ndiyo yamechoka. Kukaza kutazidisha, jaribu kushusha ngazi moja kama nafuu ya muda na anza kuweka hela ya shokapu. Kama rafu ndogo ndogo zinawatetemesha lakini mashimo makubwa yanapokelewa vizuri, umekaza mno au upepo umezidi. Kama mkia unaelea kwenye kona, rudi kwenye bushi.

Mkirudi, chungulia chini ya madigadi. Alama mpya ya tairi kwenye plastiki inasema tairi limegusa, hata kama hamkusikia.

Ringi isipotosha

Kuna hali moja ambayo futi huitangaza wazi: pikipiki tupu haizami kabisa, A na B ni sawa, na bado mkiwa wawili mnazidi milimita 45. Hapo springi ni laini kwa uzito wenu, au imechoka. Hakuna namba itakayoiokoa.

Kabla ya kununua chochote, fungua kitabu utafute uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, utoe uzito wa pikipiki tupu. Kinachobaki ndicho kikomo cha dereva, abiria na mzigo kwa jumla. Huenda tatizo ni mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Sheria ya Tanzania na ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, na shokapu zimetengenezwa kwa huyo mmoja.

Kama uzito uko ndani ya kikomo, badilisha shokapu, na zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Pima za zamani jicho hadi jicho, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, ununue za urefu uleule. Ndefu zaidi zitainua nyuma na kuifanya pikipiki iwe na wasiwasi usukani. Dabo stendi nayo haitashika. Chagua springi nene zaidi kidogo kama kila siku unabeba watu wazito. Boxer zina springi ndani ya springi, hivyo ukifananisha unene wa ile ya nje peke yake utadanganyika.

Zile raba zinazochomekwa kati ya mizunguko ya springi sizipendi. Zinafanya mizunguko michache ifanye kazi ya yote, springi inakatika palepale penye raba, na mwendo unapungua. Wanaoongeza jozi ya pili ya shokapu kwa kuchomelea masikio kwenye fremu nao naelewa wanachotafuta, hasa kwa mizigo ya mkaa na ndizi, lakini kwa abiria wanamkalisha mtu juu ya ubao, na sehemu iliyochomelewa huanza kupasuka kimyakimya.

Kwa pikipiki za shokapu moja ya katikati, kama Pulsar NS200, vipimo A hadi D ni vilevile, kwa kuwa unapima tairi na si shokapu. Tofauti iko kwenye ringi: mkono wa nyuma hukuza kila kitu, hivyo milimita 1 kwenye shokapu inaweza kuwa 2 au zaidi kwenye tairi. Nenda ngazi moja, pima, kisha ndiyo uamue ya pili. Zenye nyuzi na nati mbili, legeza ya kufungia kwanza, hesabu mizunguko, kisha uifunge tena.

Springi mpya hulala kidogo baada ya kazi ya wiki chache. Karatasi yako ya vipimo ihifadhi kwenye mfuko wa vifaa, na mwezi mmoja baadaye pima tena A na D kwa abiria yuleyule. Mbonyeo ukiongezeka milimita 5, panda ngazi moja kila upande, urudie cheni na taa.